Picha ya mkufu, sura ya mtoto: Sheria inavyomlinda mzazi anayeuza kwa simu

KARATU. Simu inaita saa mbili usiku, mama yuko jikoni anapakua makande. Namba ni ngeni. Upande wa pili ni dada wa Mwanza, na sauti yake si ya kusalimia.

"Dada, hii ni wiki ya pili. Mkufu wangu uko wapi?"

"Mkufu upi, dada yangu? Mbona mimi sijawahi kukuuzia kitu?"

"Acha hizo. Nimetuma elfu arobaini na tano, picha ninayo hapa, na mwanao kauvaa. Kuna mtu wa huko kwenu amemtambua mtoto, ndiye aliyenipa namba yako."

Mama anakata simu, anafungua Instagram, anaandika jina aliloambiwa. Anakuta akaunti asiyoijua, yenye wafuasi wengi kuliko yeye. Picha zake kumi na moja zimepangwa humo kama vile ni duka la mtu mwingine: bangili, hereni, mishipi ya shanga, na katikati mkufu mpana wa Kimaasai ukiwa shingoni mwa binti yake wa darasa la nne, anacheka. Chini ya picha hiyo watu wameandika: mwizi, tapeli, hata mtoto mnamfundisha wizi.

Mama huyu ni wa mfano, lakini yeyote anayeuza vitu kwa simu ataitambua njia aliyopitia. Mji wa Karatu umekaa kwenye barabara ya watalii, kati ya Mto wa Mbu na geti la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro, na biashara yake ndogo ndogo imezoea kumsubiri mgeni apite. Siku hizi si lazima apite. Shanga za wanawake wa bomani, bangili za chuma na shaba za mafundi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi, vikapu vya Wairaqw, kahawa ya Oldeani, asali na vitunguu vya Mang'ola, vyote vinauzwa kwa picha. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mwanza haoni mzigo. Anaona picha, anatuma hela, anasubiri basi.

Kwa hiyo anayeiba picha haibi pambo la ukurasa. Anaiba duka. Na pale mzazi alipomvalisha mwanawe bidhaa ili ipendeze, tapeli huondoka na mtoto humo humo.

Haki inaanza pale kitufe kinapobonyezwa

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui ni kwamba picha ya bidhaa ina mwenyewe kisheria, hata kama ilipigwa kwa simu ya bei rahisi, juu ya kigoda, nyuma ya nyumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inasema ulinzi huo unapatikana kwa kule tu kuitengeneza kazi. Hakuna fomu ya kujaza kwanza wala ada ya kulipa. Si lazima picha iandikwe "haki zote zimehifadhiwa" ndipo iwe na haki.

Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, husajili kazi za wabunifu. Usajili huo ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, lakini hauzai haki. Haki ilishazaliwa.

Kuna hoja ambayo watu huitoa hapa: picha ya simu ni kazi gani? Si simu ndiyo imepiga? Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko simu zenyewe. Mwaka 1882 mpigapicha wa New York, Napoleon Sarony, alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde. Kampuni moja ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 za picha hiyo bila kumuuliza, na iliposhtakiwa ikajitetea kwamba kamera ni mashine tu, haina ubunifu. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo. Ilisema mpigapicha ndiye aliyempanga mtu akae vipi, ndiye aliyechagua mavazi, mwanga na kivuli.

Mama wa Karatu anayetandika shuka jekundu chini, akasubiri jua la saa moja asubuhi ili shanga nyeupe zisiwake kupita kiasi, kisha akasogea mara tatu kutafuta upande mzuri, amefanya kazi ya aina hiyo hiyo.

Ulinzi huo hauishii Namanga wala Bandari ya Dar es Salaam. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na nchi zilizomo huahidiana kulinda kazi za raia wa wenzao kama zinavyolinda za kwao. Picha iliyopigwa Rhotia ikiibwa na duka la Ujerumani, mpigaji anastahili kule ulinzi uleule anaoupata Mjerumani. Kuupata ni shughuli nyingine, lakini upo.

Nani hasa mwenye picha?

Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Katika mfano huu picha ile ya mkufu haikupigwa na mama. Aliipiga mdogo wake, mjomba wa binti, alipokuja likizo na simu yenye kamera nzuri. Shanga ni za mama, mtoto ni wa mama, shuka ni la mama, na mkufu ulitungwa na mama kwa siku nne. Mwenye hakimiliki ya picha ni mjomba.

Inashangaza, lakini ndivyo sheria inavyoanza kuhesabu: haki ya mwanzo ni ya aliyeitengeneza kazi. Yapo mazingira ya ajira ambayo hubadilisha mambo, ila kwa ndugu anayesaidia tu, picha ni yake mpaka aitoe. Ndiyo maana karatasi yenye mistari mitatu ina thamani: "Mimi fulani nimepiga picha hizi tarehe fulani, haki zake zote nimempa dada yangu kwa ajili ya biashara yake," kisha sahihi. Sheria inataka uhamisho wa haki uwe wa maandishi. Mjomba hatakasirika kuandika. Kinachoudhi ni kumtafuta miaka miwili baadaye, amebadilisha simu na picha za mwanzo zimepotea.

Na kama aliyepiga ni mtalii? Mgeni anayeingia bomani Ngorongoro, akapiga shanga zilizotandikwa juu ya kitambaa na watoto waliosimama nyuma yake, anaondoka na picha ambayo hakimiliki yake ni yake mwenyewe. Mama aliyetunga shanga hawezi kuidai kama picha yake. Wala mtoto mwenye sura hana hakimiliki ya sura. Anayo haki nyingine, ambayo makala haya yataifikia.

Hata hivyo shanga zenyewe hazikuachwa uchi. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inahesabu kazi za mikono kuwa miongoni mwa kazi za sanaa zinazolindwa, na ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ikiwa ni pamoja na mapambo, ususi wa vikapu na mavazi, zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake ya asili bila kibali. Mwenye kutoa kibali hicho ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ni kifungu kinachosahaulika sana.

Wamaasai wenyewe walilazimika kulitafakari jambo hili kwa upana. Kwa msimu wa mwaka 2012 Louis Vuitton ilitoa mavazi ya kiume yenye vitambaa vya miraba vinavyofanana kabisa na shuka la Kimaasai. Land Rover ilishawahi kulitumia jina la Masai kwenye gari, na kampuni ya viatu ya MBT ilijiita hivyo kwa kirefu cha jina lake: Masai Barefoot Technology. Ndipo ukaibuka mpango uitwao Maasai Intellectual Property Initiative, ukisaidiwa na asasi ya Light Years IP ya Washington, wa kuwaunganisha Wamaasai wa Kenya na Tanzania ili makampuni yanayotumia jina na sura yao yalipie. Kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa. Ni moja tu kati ya nyingi, lakini ilionyesha kwamba kudai kunawezekana.

Kesi iliyowashtua wengi

Kwa Tanzania, mfano unaokumbukwa zaidi wa kazi kutumiwa kibiashara bila ruhusa ni wa muziki. Wasanii AY na Mwana FA waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kuzifanya nyimbo zao mbili, "Dakika Moja" na "Usije Mjini", kuwa miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya Sh bilioni 2. Wengi walilikariri lile fungu la hela. Cha kukaririwa zaidi na muuza shanga ni jina la mahakama. Kesi haikuanzia Mahakama Kuu. Ilianzia ya wilaya, na Karatu nako Mahakama ya Wilaya ipo.

Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 24 kinafanya kuwa kosa la jinai kutumia kompyuta, na simu ni kompyuta kwa maana hiyo, kuvunja haki za ubunifu za mwingine. Kama aliyevunja hakuwa akifanya biashara, faini haipungui Sh milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kama alifanya kwa biashara, faini haipungui Sh milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinakataza kujifanya mtu mwingine mtandaoni, na tapeli aliyejipachika jina la duka la mama anaangukia huko pia.

Mkasa wa usiku ule una walalamikaji wawili. Dada wa Mwanza ameibiwa fedha, yeye ndiye wa kufungua jalada la utapeli polisi akiwa na ujumbe wa muamala. Mama wa Karatu ameibiwa picha na jina. Wakiendelea kutukanana kwenye simu, tapeli anapumua. Wakipeana ushahidi, kila mmoja anaimarisha shauri la mwenzake. Na namba iliyopokea hela, yeyote kati yao anaweza kuituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Usiku ule ule, kabla ya kumtukana

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kumvamia mwizi inboksi. "Toa picha zangu!" Naye hutoa, kwa dakika tano, kisha humzuia mlalamikaji asione tena akaunti, na kuzirudisha. Ushahidi unakuwa umekwenda.

Kinachotangulia ni picha za skrini. Zionyeshe ukurasa mzima wa akaunti wenye jina lake, kila picha iliyoibwa, bei iliyoandikwa, namba ya simu iliyotolewa ya kulipia, na maoni ya wateja wanaolalamika. Linki ya kila posti inakiliwa na kuhifadhiwa, maana mitandao huomba linki, haiombi maelezo. Tarehe iandikwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, na moja ya mambo yanayopimwa ni kama umetunzwa bila kuchezewa. Picha ya skrini iliyochorwa mishale myekundu na kuandikwa "MWIZI HUYU" haisaidii. Ibaki ilivyo.

Cha pili ni picha ya asili, ile iliyo kwenye simu iliyopiga. Hiyo ndiyo hati ya nyumba. Ndani yake mna tarehe, saa na aina ya simu, na ukubwa wake ni kamili. Ikishapita WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na habari hizo huondolewa, kwa hiyo nakala iliyorudi kutoka kwenye kundi la ukoo si sawa na ya mwanzo. Mama mwenye busara huzituma picha zake za bidhaa kwenye barua pepe yake mwenyewe kila mwezi, pamoja na zile alizozitupa: iliyotoka na ukungu, iliyopitiwa na kuku nyuma. Mwizi anayo moja iliyopendeza. Mwenye mali anazo tisa za pembeni yake.

Baada ya hapo ndipo huripotiwa kwenye mtandao husika. Instagram na Facebook zina fomu ya malalamiko ya hakimiliki, na haifanani na kile kitufe cha "ripoti" ambacho hubonyezwa na watu mia bila jibu. Fomu hii inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayoyapa makampuni hayo kinga ya kutoshtakiwa ikiwa yataondoa kazi iliyoibwa pindi mwenyewe anapolalamika kwa utaratibu. Kampuni ina sababu ya kusikiliza. Fomu inataka jina kamili, barua pepe, linki ya picha iliyoibwa, linki ya picha ya asili au picha yenyewe, na tamko kwamba anayelalamika ndiye mwenye haki au mwakilishi wake. Hapo ndipo ile karatasi ya mjomba inapofanya kazi.

Jina na barua pepe ya mlalamikaji vinaweza kupelekwa kwa aliyelalamikiwa. Inafaa kutumia barua pepe ya biashara, si ile inayofungua akaunti ya benki. Na tamko hilo si la kuchezea: anayedai picha isiyo yake anaweza kujikuta yeye ndiye mkosaji.

Sheria ya Makosa ya Mtandao nayo, kifungu cha 45, inampa aliyekosewa nafasi ya kumwandikia mtoa huduma taarifa ya kutaka maudhui yaondolewe, akiitaja haki iliyovunjwa na kutia sahihi. Kwa tovuti au duka la mtandaoni lililosajiliwa nchini, njia hii huenda ikawa ya karibu zaidi kuliko fomu za Marekani.

Mtoto aliyemo kwenye picha

Tapeli akiondoa mkufu na kubakiza uso, je? Ama akikata picha, akaacha sura ya binti peke yake ili akaunti ionekane ya "mama na mwana"? Hapo hakimiliki bado inafaa, lakini inazungumzia kazi ya mpigaji. Haisemi lolote kuhusu mtoto ambaye kesho yake atafika shuleni na kuambiwa na wenzake kuwa mama yake ni tapeli.

Kwa hilo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hii inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na vinasaba na miamala ya kifedha ya mtu. Kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 3, 2024.

Kwa jirani Kenya sheria kama hii ilitungwa mwaka 2019, na meno yake yameonekana. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Katika uamuzi wa wakati huo huo, klabu moja ya starehe ilitozwa Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja wake bila kumuuliza. Shule ile haikuwa tapeli. Ilikuwa inajitangaza tu, kama shule nyingi zinavyofanya, na kama kambi na hoteli zinavyofanya kwa picha za watoto wa vijijini waliokuja kuwaimbia wageni.

Wazazi wa Karatu na Ngorongoro wana sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Kandokando ya barabara ya kwenda hifadhini huonekana wavulana waliotoka jandoni, wamevaa nguo nyeusi na kujichora chokaa usoni, wakisimama ili gari la watalii lipunguze mwendo. Picha moja hununuliwa kwa noti moja. Hakuna anayeuliza itakwenda wapi. Ikiishia kuwa tangazo la safari kwenye tovuti ya nchi nyingine, mzazi hata hajui kwamba kuna kitu cha kulalamikia.

Mitandao ya Instagram na Facebook ina njia tofauti ya kuripoti picha inayovunja faragha, na mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 13 anaweza kuijaza kwa niaba yake. Kwa binti wa darasa la nne, mama ana fomu mbili za kujaza usiku ule. Ile ya mtoto haihitaji sahihi ya mjomba.

Na wale wanaochukua za wenzao

Haitakuwa haki kumaliza bila kugusa upande wa pili wa meza, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekaa hapo. Mama anauza viatu vya watoto, bado hajafungua mzigo, anaingia kwenye ukurasa wa mwingine na kuchukua picha ya kiatu kinachofanana. Dalali wa vitunguu wa Dar es Salaam anaweka stetasi ya magunia yaliyopigwa picha Mang'ola na mkulima asiyemfahamu. Kijana anauza keki kwa picha za keki za Uturuki. Kila mmoja anasema mtandao ni wa wote.

Si wa wote. Na mbali na hakimiliki, mteja aliyeonyeshwa keki ya ghorofa tatu akaletewa andazi lililopakwa krimu ana malalamiko yake mwenyewe. Anayeuza kwa niaba ya mwenye mzigo na aombe ruhusa ya kutumia picha zake. Mara nyingi hupewa kwa furaha, na ujumbe mmoja wa WhatsApp unaosema "tumia tu, dada" ni kinga tosha ya kuanzia. Wauzaji wa jumla wengi hutoa picha pamoja na mzigo. Kinachokatazwa ni kuchukua kimya kimya.

Kuhusu kujilinda, wengi huandika jina la duka pembeni ya picha. Pembeni hukatwa kwa sekunde mbili. Jina likae juu ya bidhaa yenyewe, kwa herufi nyembamba zisizoziba shanga, ili kulifuta kuwe ni kuiharibu picha. Video fupi ya mikono ikifunga kishikizo cha mkufu, huku sauti ya mama ikitaja bei na siku yenyewe, ni ngumu zaidi kuiba kuliko picha. Na kwa kuwa simu sasa zina uwezo wa kutafuta kwa picha, kama Google Lens, mara moja kwa mwezi muuzaji anaweza kuipeleka picha yake inayouza sana kutafutwa, aone imelala wapi.

Jibu la fomu ya hakimiliki halina saa maalumu. Likija, na kama karatasi zimenyooka, posti huondolewa. Zilizokwishapakuliwa na kurushwa kwenye stetasi za watu hazirudi. Hilo mama wa mfano wetu atalazimika kuishi nalo. Atalazimika pia kwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wa darasa, na kumweleza binti kwa nini sura yake imeitwa mwizi na watu ambao hawamjui.

Mkufu bado unatafuta mnunuzi, na picha mpya lazima ipigwe. Safari hii uso hauhitajiki: mkufu unaweza kutandikwa juu ya shuka, au ukashikwa kwa mikono ya mama, kucha zikiwa na rangi ya udongo wa Karatu. Binti, ambaye bado anapenda kushiriki, anaweza kuishika simu na kuwa mpigapicha. Kwa mujibu wa sheria ya 1999 hakimiliki ya picha hiyo itakuwa ya mtoto wa darasa la nne, na mama ndiye atakayeomba ruhusa.